Malkia Namba Sabini na Saba

Mugisho alikwenda Kigobe kutafuta sufuria. Hilo tuliweke wazi mapema, kwa sababu yeye mwenyewe akisimulia husema alikwenda na mpango. Mpango gani? Alikuwa na suti moja ya kahawia, ulimi mtamu, na nyumba isiyo na hata sufuria moja, maana mkewe Epiphanie alipoondoka aliondoka nazo zote.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, embargo ya majirani imetukaba koo. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alitandaza vitu vyake uani ili watu wachague. Sufuria zilikwisha saa mbili asubuhi, zimebebwa na wake za wakubwa, ambao nao kumbe wana shida zao. Chini ya meza Mugisho akaona katoni imejaa kadi za picha: majoka, mashujaa wenye panga, wafalme waliokunja uso kama wanaumwa jino.

"Hizi ni karata, patron?"

"Ni mchezo," Mzungu akasema, na sauti ikamlegea. "Unaitwa Falme za Ukungu. Watu walikuwa wakikusanya kadi zake, kila moja na namba yake, moja mpaka themanini. Kisha kampuni ikafunga. Hazitengenezwi tena. Chukua tu, mke wangu amekataa zipande ndege."

Hazitengenezwi tena! Kwingine maneno hayo ni tanzia, lakini kwa Bujumbura ya embargo yalikuwa tangazo la biashara. Mji mzima ulikuwa umeshajifunza kwamba kitu kisichokuja tena unakishika kwa mikono miwili, hata kikiwa tairi lenye kipara. Mugisho akajitwika katoni kutoka Kigobe mpaka Buyenzi, anacheka peke yake, suti imelowa jasho.

Sasa mtauliza, mke aliondoka kwa nini? Epiphanie ni mshonaji. Alikuwa na cherehani ya miguu aliyoachiwa na mama yake, na vita vilipowatoa Bukavu alivuka nayo mpaka wa nchi juu ya lori la viazi, akiwa ameikumbatia njia nzima. Cherehani hiyo ndiyo Mugisho aliyompelekea Mama Mwanasiti, mwenye duka la vitambaa avenue ya kumi na nne, akapewa pesa, akanunua magunia matatu ya sukari ya magendo. Juu sukari, chini mchanga. Hakuwa amefungua gunia hata moja. Alisema mtu mwerevu hamkagui mwenzake kama askari wa barrière njiani.

Epiphanie hakupiga kelele. Alifunga mizigo, akamshika mkono binti yao Chance, akasimama mlangoni, tayari kwenda kwa dada yake mkubwa.

"Baba Chance, mi ninaenda kwa yaya, kule Nyakabiga. Siku cherehani itaingia humu, nami nitaingia nyuma yake. Mbele yake, apana."

Miezi mitano ilikuwa imepita. Mugisho alimkumbuka mkewe hadi chakula kikawa hakishuki, ingawa ni kweli pia kwamba chakula chenyewe hakikuwepo.

Basi akakaa chini na katoni yake, akazipanga kadi. Namba nyingine zilikuwa tele, lakini namba sabini na saba, Malkia wa Ziwa, mwanamke mwenye taji amesimama juu ya maji, ukingo wote dhahabu, zilikuwa nne tu. Mugisho akafikiri, akatabasamu, akatia tatu kwenye mbabula ya makaa, akachemshia chai ndani ya kopo la maziwa. Sasa amebaki mmoja, akajiambia, na mmoja ni mmoja. Msimcheke bado.

Kesho yake alikuwa kwenye gereji ya fundi Radjabu, anaongea taratibu kama mtu asiyetaka kusikika.

"Kuna monsieur mumoja Bruxelles anatafuta hizi kadi. Zimekwisha dunia nzima. Mwenye kutimiza zote themanini, monsieur anamutumia pikipiki."

"Pikipiki mupya?" Radjabu aliuliza, spana imemponyoka.

"Ya mu katoni."

Radjabu akatoa nusu lita ya petroli kwa kadi kumi. Ukijua nusu lita ya petroli mwaka ule ilikuwa nini, utajua Mugisho alilala vipi. Baada ya wiki mbili Buyenzi nzima ilikuwa inabadilishana majoka kwa mayai, mashujaa kwa sabuni. Mimi ninayewasimulia nilichukua namba arobaini na moja, Mchungaji wa Nguruwe. Mtaa ule wa Waislamu hakuna aliyemtaka, nikampata kwa mshumaa mmoja, nikajiona nimewaweza.

Ili mambo yawe na heshima, Mugisho akaunda kamati. Katika mji wetu kitu kisicho na kamati na mhuri ni uvumi tu. "Kampuni imekufa," aliwahutubia watu dukani kwa Mama Mwanasiti. "Kwa hiyo kampuni ni nani? Kampuni ni siye!" Wakapiga makofi. Mzee Jovithe, karani mstaafu ambaye hajawahi kukutana na karatasi asiyoipenda, akawa katibu. Mugisho akajipa cheo cha président d'honneur, yaani rais wa heshima. Mhuri akauchonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili, akauvaa shingoni kwa kamba.

Mama Mwanasiti ndiye aliyeleta ugumu mwanzoni.

"Astaghfirullah! Karata mu duka yangu? Hii ni kamari."

"Mama, kamari ni kuweka pesa. Hizi ni picha tu."

"Basi hapa hakuna kuweka kitu. Hata karanga moja. Mutu acheze, akishindwa acheke, aende kuswali."

Na hapo ndipo mpango wa Mugisho ulipoanza kuota miguu bila ruhusa yake, kwa sababu watu walianza kucheza. Jovithe alitafsiri kijitabu cha sheria, na kila alasiri, kabla couvre-feu ya jioni haijawarudisha watu ndani, duka lilijaa. Mugisho alichukia. Kadi za mkusanyaji wa Bruxelles zinashikwa na vidole vya mandazi! Yeye mwenyewe hakujifunza kucheza. Aliuza mchezo kama wengine wanavyouza dawa: hakuwahi kuuonja.

Mama Mwanasiti akafikisha kadi sabini na tisa. Siku hiyo Mugisho alipiga pasi suti yake chini ya godoro, akaenda.

"Mama, namba yako ya mwisho ninayo. Iko moja tu dunia nzima. Sitaki pesa. Unipe ile cherehani."

Mama Mwanasiti alimtazama. Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa inalia, taka-taka-taka, na Mugisho alichomwa moyoni kusikia mguu wa mshonaji mgeni ukiikanyaga mali ya mkewe.

"Mugisho mwanangu, mi sinunui ndizi mu gunia. Nimuone kwanza huyu Malkia anavyofanya kazi."

Akamkubalia, Malkia achezwe alasiri moja tu, yeye mwenyewe akiwa amekaa pembeni anamlinda. Ikaonekana kwamba mwenye kumtupa Malkia huchukua kadi zote zilizo mezani na harudishi hata moja. Radjabu alipomshika, akashinda. Jovithe alipomshika, akashinda, na huyo hajawahi kushinda kitu tangu uhuru. Mara ya tatu watu wakaanza kunung'unika, mmoja akainuka akavaa viatu.

"Mmeona nguvu yake?" Mugisho akasema, anang'aa.

"Tumeona," Mama Mwanasiti akajibu. "Alhamisi kamati inakaa. Ijumaa, swala ikiisha, uje."

Alhamisi kamati ilikaa. Jovithe alisoma procès-verbal, kumbukumbu za kikao, kwa Kifaransa cha ofisini, kurasa tatu, bila kupumua. Mugisho alisikiliza kwa uso wa mtu anayesikiliza, lakini akilini alikuwa anapanga cherehani ikae upande gani wa dirisha. Kuhusu kijiji cha juu kulikosikika milio ya bunduki tangu asubuhi hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wanabishana juu ya koma. Mwishowe Jovithe akasogeza karatasi.

"Président d'honneur, kashe."

Mugisho akauvua mhuri shingoni, akaupulizia pumzi, akagonga. Pa! Kwa kweli aligonga vizuri sana.

Ijumaa alifika na mkokoteni. Mwenye mkokoteni alikuwa amekataa maneno matamu, akachukua koti la suti, kwa hiyo Mugisho aliingia dukani na suruali ya kahawia na shati, Malkia mfukoni. Kamati yote ilikuwepo.

"Mama, nimekuja."

"Karibu. Jovithe, musomee ya tisa. Polepole."

Jovithe akarekebisha miwani. "Kifungu cha tisa. Kadi namba sabini na saba inaharibu mchezo. Kuanzia leo imetolewa. Kadi kamili ni sabini na tisa."

"Yampayinka!" Mugisho aliruka. "Nani amesema?"

"Kampuni," Mama Mwanasiti akasema. "Kampuni ni siye. Si ulituambia? Na ile kashe ni ya nani?"

Mugisho aliutazama mhuri. Ulikuwa wake, hata ufa wa kandambili ulionekana.

"Lakini monsieur wa Bruxelles! Yeye anataka zote themanini!"

"Basi umupelekee," Mama Mwanasiti akasema. "Yuko wapi?"

Mugisho alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe haukutoka hata uongo mdogo.

"Mulijua?" akauliza.

"Mugisho we! Mutu wa Bruxelles aache kila kitu, atafute karatasi Buyenzi, mu embargo, kupitia kwako? Hakuna aliyemuamini. Radjabu peke yake, wiki mbili."

"Wiki moja!" Radjabu akasema kwa hasira.

"Sasa mulinunua ju ya nini?"

Mama Mwanasiti akamjibu. "Tulikuwa tunakaa hapa kila siku tunahesabu milio. Nani amekufa, nani amekimbia. Ukatuletea majoka. Tukaanza kubishana juu ya majoka. Wallahi, kwa hilo Mungu akulipe. Lakini huyu Malkia wako alitaka kutuvunjia baraza."

Mugisho akaketi juu ya robota la kitenge. Aliona aibu, na aibu kwake ilikuwa kama nguo ya kuazima, hakujua aivae vipi. "Mi sikutaka ya mutu," akasema, na machozi yakamtoka kweli. "Nilitaka ile cherehani irudi kwa mwenyewe. Nyumba haina mutu. Nakunywa chai mu kopo."

Nyuma ya pazia cherehani ikanyamaza. Pazia likafunguka, akatoka Epiphanie, sindano mdomoni, tepu shingoni.

"Baba Chance, na suti imeenda wapi?"

Kumbe Epiphanie ndiye aliyekuwa akikanyaga cherehani ile wiki zote, anamshonea kila mchezaji mfuko wa kutunzia kadi, na Mama Mwanasiti akaihesabu kazi hiyo kuwa malipo ya cherehani. Ilikuwa yake tena tangu Jumatatu. Na cha kuuma zaidi, kila Mugisho alipoondoka alikuwa anacheza. Alikuwa wa pili mtaa mzima.

"Kifungu cha tisa nilikiomba mimi," akasema. "Radjabu alisema hutakubali kugonga. Nikamwambia mume wangu hasomi. Ndivyo alivyonunua sukari. Cha kumi ulikisikia?"

"Kuna cha kumi?"

Jovithe alikuwa ameshafungua ukurasa. "Kifungu cha kumi. Président d'honneur hatanunua, hatauza, wala hatabadilisha kitu chochote kabla mkewe hajakifungua mpaka chini."

"Na kashe?" Epiphanie akauliza.

"Yangu," Mugisho akasema.

Epiphanie alinyoosha mkono, naye Mugisho akampa Malkia wa Ziwa, pengine wa mwisho Afrika nzima, shukrani kwa mbabula ile. Epiphanie alimkunja kidogo, akampigapiga kwa ukucha. "Karatasi yake ngumu, muzuri." Akachukua mkasi, akamkata pengo moja kichwani, kwenye taji, na jingine miguuni, akampima juu ya shati la Radjabu kutoka kifungo mpaka kifungo. Akawa kipimo cha vifungo, na kazi hiyo ameifanya kwa uaminifu kuliko mwenyewe aliyemleta.

Wakaipakia cherehani. Mugisho alivuta mkokoteni mwenyewe, jua kali, watu wa avenue nzima wanampigia mluzi, na mimi mwenye Mchungaji wa Nguruwe nikiwa mmoja wao. Mlangoni akasimama na kuhema.

"Ingia kwanza," akamwambia mkewe.

"Apana," Epiphanie akasema. "Ingiza cherehani."

Akaiingiza, akaiweka karibu na dirisha, upande ule alioupanga Alhamisi. Epiphanie akaingia nyuma yake. Sufuria zilifika Jumapili pamoja na Chance.