Kuhusu Ubingwa Wangu wa Kuogelea na Omena wa Mama Mkwe

Waliaula, Fundi wa Baiskeli,
Karibu na wath, yaani pale mitumbwi inapotua,
Kisumu.
Agosti, 1971.

Kwa Bwana Katibu,
Klabu ya Raha za Ziwa.

Bwana Katibu mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mikono yenye grisi, kwa hivyo unisamehe ile alama iliyo pembeni. Natumaini wewe na wanachama wenu wa Milimani hamjambo, na mashua pia hazijambo. Mimi ndiye yule mtu ambaye klabu yenu imemtangaza kuwa Bingwa wa Kuogelea wa Watu wa Ufukoni. Naandika kuomba ubingwa huo mniondolee upesi, kabla haujanimalizia nyumba. Sababu zangu nimezitia nambari, maana nasikia malalamiko yasiyo na nambari hufungiwa karanga.

1. Nianze na mashua yenyewe. Mimi ni Mbukusu niliyeoa kwa Wajaluo, na mila zao nimezijua kama mtoto anavyoujua moto. Mtumbwi mpya kwao ni bibi arusi. Hupelekwa majini kwa nyimbo, hubembelezwa, hupewa jina zuri. Ninyi mlileta mashua yenu mpya, nyeupe pepepe, mkasimama na suti zenu, halafu mgeni wenu wa heshima akamvunjia bibi arusi chupa ya kichwa. Tena mkapiga makofi. Mzee Ouma, mvuvi wa hapa kwetu, aliniuliza kama huko kwenu maharusi wote hupokelewa hivyo, ama ni huyu tu aliyeletwa bila ng'ombe. Vigae vya chupa bado tunavitoa kwenye nyayo, lakini hilo si lalamiko, ni taarifa.

2. Kuna ule mchezo wa mtu kusimama juu ya mbao mbili akavutwa na mashua kwa kamba. Sina ubaya nao. Kwetu Bungoma anayevutwa kwa kamba ni ndama asiyetaka kwenda mnadani, na yeye halipi ili avutwe, lakini kila watu na raha zao. Taabu ni kwamba njia yenu ya kuvutana inapita juu ya nyavu. Shemeji yangu Ochieng, ndugu wa mke wangu, alipokuja kusema wavu wake umekatwa, karani wenu alimshauri atege mahali ambapo watu hawachezi. Tangu siku hiyo Ochieng anawauliza samaki kama wanapajua mahali hapo.

3. Safari ya bure. Mwezi uliopita mlituma habari kwamba klabu itawatembeza watu wa ufukoni ziwani bila malipo, ili tuwe marafiki. Nikavaa suruali ya kanisani, nikaja. Karani alikwisha kuwapandisha akina mama, na kila mmoja amemvisha kofia pana ya majani na lile jaketi la kuokolea watu, la rangi ya chungwa, linalofika masikioni. Nilipoingia nami nikavishwa jaketi, nikaona machungwa manane yenye kofia. Nikakaa palipobaki nafasi, uso kwa uso na chungwa moja, magoti yanakaribia kusalimiana.

Tulipofika mbali, upepo ukachukua kofia. Bwana Katibu, alikuwa mama mkwe wangu.

Labda kwenu Milimani watu hula meza moja na mama wakwe. Sisi hapana. Katika mambo yote ambayo Mbukusu na Mjaluo wamewahi kubishania, hili hawajalibishania: mwanamume hamkaribii mama wa mke wake. Hata jina lake hulitaji, ndiyo maana hutaliona katika barua hii. Mkikutana njiani, mwenye adabu huingia kichakani. Mimi nimeingia vichaka vyote vya upande huu wa mji, vingine vina siafu, na sijawahi kumlalamikia mtu. Lakini ziwani, kichaka kiko wapi?

Nilifumba macho. Yeye akajifunika leso kichwani, akageukia maji. Tungerudi hivyo salama, ila dereva wenu, kijana mchangamfu kupita kiasi, aliona mashua imeinama upande, akapaza sauti: "Wewe baba mnene, acha woga! Sogea kwa huyo mama, mshikane mikono, chombo kikae sawa!"

Niliruka.

Hapo ndipo nilipoujua ubaya wa yale majaketi. Mtu anayetaka kuzama kidogo kwa heshima hawezi. Jaketi lilinipandisha juu, likanizungusha polepole, likanitazamisha tena kwa mama mkwe. Nikalivua. Nikaogelea mtindo niliojifunza Mto Nzoia nikichunga ng'ombe, nikaogelea kama mwizi wa kuku, kwa sababu dereva alikuwa ananifuata na mashua ili aniokoe, na mama bado yumo ndani.

4. Wageni wenu waliokuwa barazani na darubini walinishangilia. Nilipotoka majini, Mzungu mmoja alinishika mkono akasema hajapata kuona mwenyeji anayependa michezo kiasi kile. Nilitaka kumweleza, lakini mashua ilikuwa inakaribia kutia nanga, nikakimbia. Hilo nalo wakalipigia makofi. Nasikia mlilifanya kuwa sehemu ya pili ya mashindano.

5. Sasa nafika penye mwiba. Jumatatu mmebandika tangazo sokoni. Linasema kwamba, kwa kuwa Bwana Waliaula amedhihirisha kiu ya wenyeji kwa michezo ya majini, klabu itauzungushia ufuko waya uwe mahali pa kuogelea, na akina mama wanaoanika omena, yaani dagaa wa ziwa, watahamishiwa Nyamasaria, kwa kuwa harufu inawasumbua wageni.

Bwana Katibu, Nyamasaria iko kwenye barabara ya Nairobi. Haina ufuko, ina malori. Omena hutoka majini alfajiri na huanikwa papo hapo, la sivyo huoza. Sijui mnataka wapande basi wakiwa wabichi, ama tuwafundishe kutembea. Mama mkwe ameanika omena pale tangu mke wangu Seline akiwa mgongoni. Omena hao ndio waliomsomesha Seline, na ndio wanaowalisha wanangu wakati ambapo baiskeli za mji huu zinakataa kuharibika. Leo anafukuzwa, na aliyemfukuza ni mimi mkwe wake, kwa kosa la kuogelea vizuri.

Nikipita, wanawake wa pale wananipigia vigelegele: "Bingwa! Leo unarukia wapi? Ruka, baba, lakini utuachie hata pa kuanika leso!" Nyumbani Seline ananipakulia ugali mtupu. Nikiuliza mboga, anasema imehamia Nyamasaria.

6. Ninayoomba ni machache. Mtangaze sokoni kwamba sikuwa naogelea, nilikuwa naonyesha adabu. Waya msiujenge, na omena wabaki walipo. Ikiwa raha za ziwani ni lazima, basi mpande vichaka katikati ya ziwa, kila baada ya umbali wa mruko mmoja, ili mkwe yeyote apate pa kuingia. Vichaka vikishindikana, kila mashua iwe na pazia. Pazia likiwa ghali, mweke karani wa kumuuliza kila abiria amemzaa nani, na aliyezaliwa ameolewa na nani, na ndugu za huyo nao wameoa wapi. Atakapomaliza kuuliza jua litakuwa limezama na safari haitakuwepo. Hilo nalo litanitosha.

Nimemaliza maneno, hasira bado ninayo. Nisalimie wanachama wote, msalimie mgeni wa chupa, Mzungu wa darubini, na dereva mchangamfu, ambaye namwombea apate mama mkwe mapema.

Ni mimi, nisiye bingwa wa chochote,
Waliaula.

Baada ya kutia sahihi: Kabla sijafunga bahasha, Seline ameingia na ujumbe wa mama yake, maana mimi na mama hatuongei. Kumbe jana mama alikuja huko klabuni mwenyewe kugomba, amebeba sufuria ya omena wa kukaanga kuwa ushahidi kwamba hawanuki. Nasikia wageni wenu walikula ushahidi wote wakaomba mwingine, nanyi mkamwambia yeye na wenzake wabaki ndani ya waya, waanike pale pale na kuwakaangia wageni. Mama anasema waya ni kitu kizuri sana na anauliza mnachelewa nini. Anataka uwe mrefu, wenye matundu madogo, mlango uwe na kufuli na ufunguo akae nao yeye, kwa sababu tangu niwe mkwe wake hajapata kuanika omena siku moja bila wasiwasi kwamba nitatokea. Kwa hiyo, Bwana Katibu, jengeni. Nitakuja mwenyewe kuwashikia nguzo, mkinihakikishia kwamba saa hiyo yeye hayupo.