Malalamiko Kuhusu Mieleka Iliyomtengeneza Binti Yangu

Kwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta una afya njema na umekaa kwenye kiti imara, maana yaliyomo humu hayafai kusomwa kwa kusimama. Mimi ni baba yake Kijiko, yule binti mwembamba wa darasa la sita aliyepewa jina hilo na bibi yake siku aliyozaliwa, na hadi leo hakuna aliyeona sababu ya kulibadilisha. Mimi ni fundi makochi. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa hasira ambayo nimeipiga pasi kwanza ili isikuudhi.

Tangu mlipoanzisha mieleka hapo shuleni, nyumba yangu imeingiliwa. Nasikia Jumamosi hii kuna mashindano na shule za jirani, na kwamba Kijiko amechaguliwa. Naomba aondolewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Zamani Kijiko alikuwa akila kama anayeonja tu. Sahani yake ilirudi jikoni karibu kama ilivyotoka, na kilichobaki kilikuwa haki yangu mimi, baba mtu, nikitoka kazini. Mpangilio huo haukumdhuru yeyote. Siku hizi anamaliza, anakwangua sufuria, kisha anaeleza kwamba mwalimu wa michezo amesema misuli haijengwi kwa hewa. Mimi nimekonda, Mwalimu. Suruali naifunga kwa kamba ya kushonea makochi.

2. Nimeambiwa kwamba mwalimu huyo huwafundisha watoto kuanguka kabla ya kuwafundisha kuangusha. Sijawahi kusikia elimu ya namna hiyo. Kijiko akaona haifai kuwa nayo peke yake, akamfundisha bibi yake, yaani mama mkwe wangu anayeishi nasi, tena juu ya kochi la mteja. Juzi mama mkwe akateleza bafuni. Tulisikia kishindo, mke wangu akapiga kelele, akawapigia kaka zake simu, mimi nikakimbia roho mkononi. Tukamkuta amejiviringisha kwa bega kama alivyofundishwa, amekaa kitako, anauliza ni nani aliyeacha sabuni sakafuni. Shemeji zangu walikuwa wameshapanda gari kuja kumuuguza. Wamefika, mgonjwa hakuna, na wameona aibu kurudi mapema. Wapo hapa, wanakula. Kuhusu chakula, tafadhali rudia namba moja.

3. Mnayo sheria kwamba mtu hatoki ulingoni kabla ya kumshika mwenzake mkono na kuuinua juu, awe ameshinda au amebwagwa. Ibakieni nayo huko huko. Mimi na mdogo wangu tunafanya kazi karakana moja, na tulikuwa hatusemezani tangu alipokata kitambaa cha kochi langu vibaya, maua yote yakatazama chini. Tulikuwa tumezoea. Akitaka mkasi, anauambia ukuta kwamba anataka mkasi, nami namsogezea kwa mguu. Ugomvi ule nimeulea kwa uangalifu kuliko watoto wangu. Kijiko akaja na filimbi shingoni, akasimama mlangoni miguu imepanuka, akasema kwa adabu kwamba hakuna kutoka. Tulidhani anatania. Hadi chakula cha mchana kikapita, tena tulikisikia kikipita, maana shemeji wanakula kwa sauti. Basi tukainuana mikono, watu wazima wenye mvi.

Matokeo yake ni kwamba mdogo wangu sasa anaongea. Kumbe maneno alikuwa ameyaweka akiba. Anaanza tunapofungua na anaendelea tukifunga, anakunywa chai yangu, na amenikumbatia mbele ya mteja. Mke wangu naye ameipenda sheria hiyo. Zamani tukikosana nilikuwa na haki ya kununa hadi jioni, na nilikuwa na kiti changu maalumu cha kununia. Sasa kabla sijakikalia, filimbi imelia.

4. Hili ni fupi kwa sababu linanihusu. Kijiko alijibwaga juu ya kochi jipya mbele ya mteja, akainuka akajipangusa, akasema: Baba, hapa katikati hamna kitu. Ni kweli hapakuwa na kitu cha maana, nilikuwa nimejaza mabaki ya vitambaa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini amenivua nguo hadharani, akanijibu kwamba wao wamefundishwa kusema ukweli kuhusu godoro, kwa sababu ndilo wanaloangukia. Tangu siku hiyo natia sponji kamili. Wateja wameongezeka hadi sipati hata nafasi ya kukaa kwenye makochi ninayotengeneza. Hilo nalo nalilalamikia.

5. Hili la tano nilitaka kuliacha, lakini ndilo hasa lililonishikisha kalamu.

Unaijua ile kona yenye duka la kinyozi. Kuna vijana walikuwa wanakaa pale, na Kijiko akipita wanagonga vijiko kwenye chupa na kucheka. Aliogopa hadi akawa anaumwa tumbo asubuhi. Kwa hiyo kila siku masomo yakikaribia kwisha nilikuwa naweka nyundo chini na kuja kumchukua getini kwenu. Tukiikaribia kona, ananishika mkono wa shati, nami nakohoa kwa sauti nzito, na vijana wale wanainamisha macho. Mwalimu, mimi ni mtu mfupi. Nyumbani nikikohoa naulizwa kama nimekunywa dawa. Hakuna mahali pengine ambapo nimewahi kukohoa watu wakanyamaza. Tukishaipita kona, Kijiko anauachia mkono wangu na kunisimulia mambo yake yote: nani kakosana na nani, hesabu ipi imemshinda, kwa nini mwezi haudondoki. Tulikuwa tunatembea polepole makusudi.

Halafu mkaja na mieleka yenu. Siku moja kijana mmojawapo akamzibia njia. Kijiko hakumgusa. Alisimama tu vile mnavyowafundisha, akamtazama usoni, akasema samahani, naomba kupita. Kijana akasogea. Leo hii vijana wale wote wanafanya mazoezi kwenu, wanamsalimia kwa heshima, na yeye ndiye anayewavusha watoto wa darasa la kwanza pale konani. Wiki iliyopita nilikuja getini kama kawaida yangu. Akaniambia, Baba, si lazima uje, una kazi nyingi. Aliniambia kwa upole kabisa, akanirudishia na mfuko wangu wa misumari niliokuwa nimeudondosha pale getini. Niliumia. Sina njia nyingine ya kuliandika hilo, niliumia, na nilirudi karakana peke yangu kwa njia ya nyuma ili mdogo wangu asiniulize.

Kutokana na hayo, naomba mambo matatu. Kwanza, mieleka ifutwe, na mahali pake pawekwe mchezo usiomjenga mtoto, mfano kukunja karatasi. Pili, kama hilo ni gumu, Kijiko arudishiwe uoga kidogo, hata wa siku mbili kwa wiki, na uoga huo uishie pale konani. Tatu, Jumamosi asipande ulingoni, kwa sababu akishinda sitakuwa na la kumfanyia tena. Msiponisikiliza nitamwandikia Afisa Elimu, kisha Waziri, na wakinipuuza nitawatuma shemeji zangu waje kula hapo shuleni.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa getini ambaye amenizoea hadi haniulizi natafuta nani, na watoto wa darasa la kwanza. Mwalimu wa michezo naye msalimie, ila kwa ufupi.

Wako mwenye uchungu wa adabu,
Baba Kijiko, fundi makochi

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Kijiko alipoingia karakana, akakaa juu ya kochi ambalo bado halijavaa kitambaa, akawa anachezea misumari. Hata mdogo wangu alinyamaza. Kisha akasema kwamba mpinzani wake wa Jumamosi ni msichana mkubwa ambaye inasemekana huwabwaga hadi dada zake walioolewa, na kwamba anaogopa. Akaniuliza kama naweza kwenda naye, kwa miguu, na kama naweza kukaa mahali ambapo ataniona. Nilimjibu kwa utulivu wa mzazi kwamba nitaangalia nafasi. Alipotoka nilirukaruka hadi mdogo wangu akauliza kama nimejichoma sindano. Tumeshabandika tangazo mlangoni kwamba Jumamosi hatufungui. Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, usimwondoe. Futa kuanzia namba moja hadi tano, na mieleka iendelee hadi chuo kikuu. Ila mwambie mwalimu wa michezo kwamba huo uoga uliobaki auache hapo hapo ulipo, asije akautoa kabla ya Jumamosi.