Waliookolewa Kabla ya Kifungu cha Kwanza

Ofisi ya Katibu,
Kamati ya Kuandaa Muswada wa Chama cha Taifa cha Misaada ya Kibinadamu,
Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho (ukishavuka ngazi iliyovunjika).

Ndugu Msajili wa Vyama,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA WATU WALIOSAIDIA WENZAO BILA SHERIA

Nakuandikia kwa heshima zote, pamoja na maumivu ya shingo yatokanayo na miaka tisa ya kuinamia muswada mmoja. Wewe unaufahamu muswada huo, maana umeturudishia mara kumi na nne, na kila mara kwa sababu nzuri. Mara ya mwisho ulitaka neno "upesi" liondolewe kwenye kifungu cha pili, kwa hofu kwamba wananchi wangelisoma wakalitegemea. Tuliliondoa baada ya vikao vitatu.

Sasa sikia yaliyotokea. Jumanne iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri, mfereji mkubwa ulio nyuma ya soko ukafurika, na nyumba za mtaa wa bondeni zikaingiwa na maji. Sisi wajumbe tulikuwa kikaoni, simu zimezimwa kama kanuni zetu zinavyotaka. Tulipotoka saa kumi jioni tukakuta watu arobaini na mmoja wameshaokolewa. Waliowaokoa ni kikundi cha akina mama wa mtaani kinachoongozwa na shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mkunga mstaafu ambaye watu wanamwita Mama Bandeji.

Nimeambatisha amri ya kukipiga marufuku kikundi hicho, kulifunga ghala lao lililo nyuma ya duka la fundi cherehani, na kumfikisha shemeji mahakamani. Amri nimeshaiandika yote, kilichobaki ni sahihi yako tu. Sababu zangu ni hizi:

1. Hawana jina. Mwezi uliopita, niliposikia wanafunga watu vidonda bila kibali, nilitaka kuwaandikia onyo nikakwama mstari wa kwanza. Utamwonyaje asiye na jina? Nikaandika "Kwa Wahusika", na tarishi wetu, ambaye amebakiza miezi sita astaafu na hana tena hamu ya kubishana na mtu, akaipeleka. Jumanne nikaikuta imerudi mezani kwangu. Nyuma yake pameandikwa kwa penseli: mwenye pumu, nyumba ya bati la bluu, mama mjamzito, mlango wa pili, babu asiyesikia, msigonge, ingieni tu. Hakuna kumbukumbu namba, hakuna tarehe, na mwandiko wenyewe unakimbia. Sisi tuna majina saba yaliyopendekezwa na bado tunapiga kura.

2. Wamewasaidia watu ambao haijaamuliwa kama ni wahanga. Kamati Ndogo ya Tafsiri imehangaika miaka minne kuamua maji yamfike mtu wapi ndipo aitwe mhanga. Kuna wajumbe wa goti na wajumbe wa kiuno, na hawasalimiani. Mwenyekiti wao, bwana mmoja makini sana ambaye sisi humwita Mzee Kiuno, ameshatamka kwamba maji ya kifundo cha mguu ni ya kunawia tu. Sasa muulize shemeji kama alibeba futi ya kupimia. Hakubeba! Alimpa chai ya moto mtu ambaye maji hayakumpita kifundo, eti kwa sababu alikuwa anatetemeka. Kutetemeka hakumo kwenye rasimu yoyote.

3. Viambatisho. Hapa ndipo damu inaponichemka. Muswada wetu una vielelezo ili Bunge lione kwa macho yake vitu ambavyo chama kitatumia siku kikianzishwa. Kiambatisho C ni machela moja ya kubebea wagonjwa, Kiambatisho D ni mablanketi mawili, Kiambatisho E ni filimbi. Vyote vilikuwa ndani ya kabati la ofisi, vimefungwa utepe na kupigwa lakiri. Hiyo ndiyo machela pekee upande huu wa mji, na kwa miaka sita hakuna aliyeigusa. Hata mimi nilipoanguka kwenye ile ngazi na kuteguka kiuno, nilishuka kwa makalio ghorofa zote tatu kwa kuheshimu utaratibu.

Jumanne shemeji aliingia ofisini maji yakimchuruzika, akamuuliza tarishi kabati liko wapi, akaikata lakiri kwa mkasi wa kukatia vitovu. Muswada unasema kila blanketi liwe "jipya, safi, lisilo na doa". Sasa moja lina tope, na jingine lina mtoto. Alizaliwa Jumanne hiyo saa sita mchana na mama yake hataki hata kusikia habari ya kulirudisha. Muswada usiofanana na vielelezo vyake hausomwi bungeni, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha hivyo. Kwa hiyo akina mama hawa wamewaokoa watu arobaini na mmoja, na wameiua sheria ya kuwaokoa.

4. Hawakupendelea mtu, na hawakuomba ruhusa ya kutopendelea. Kifungu cha tisa kinasema chama hakitambagua yeyote, chini ya usimamizi wa Baraza la Kutopendelea lenye viti kumi na viwili, ambavyo tumeshavigawa kwa ndugu na jamaa wanaostahili. Sasa kule bondeni kuna mwenye nyumba na mpangaji wake, wana kesi mahakamani mwaka wa tatu huu. Maji yalipoingia, mwenye nyumba alikwama juu ya meza, mguu umeteguka. Shemeji alimshikisha mpangaji mpini wa machela bila kumuuliza habari ya kesi wala nini, naye akabeba. Tangu siku hiyo wanakunywa chai pamoja barazani, na nasikia kesi wanataka kuifuta. Hakimu ataambiwa nini?

5. Wametumia mafuriko yote, hawakutubakishia hata kidogo. Kwa ajili ya uzinduzi wa chama tumeshaagiza bendi, fulana, na utepe wa kukatwa na mgeni rasmi. Niliwaandikia hata watu wa hali ya hewa nikiomba tarehe ya maafa yajayo, ili ilingane na nafasi ya mgeni rasmi, na mpaka leo hawajanijibu. Mafuriko ya Jumanne yangetufaa mno: yalikuwa ya wastani, karibu na barabara ya lami, na hayakuua mtu. Sasa tutazindua chama mbele ya nani?

Kwa unyenyekevu, basi, naomba watu wote arobaini na mmoja watamkwe rasmi kwamba hawajaokolewa. Warudishwe majumbani mwao kwa siku moja tu, siku ya uzinduzi, kuanzia saa tatu asubuhi. Yaletwe malori ya maji yajaze bondeni mpaka kiunoni (wajumbe wa goti wamekubali kulegeza msimamo kwa siku hiyo). Kisha waokolewe upya, mmoja mmoja, kwa mujibu wa sheria, mgeni rasmi akiwa ameketi. Kuhusu yule mtoto, ambaye kisheria inabidi awe hajazaliwa, naomba mwongozo wako.

6. Mama yangu. Huyu nimemwacha mwisho kwa kuwa sipendi kuchanganya kazi na familia. Kwenye orodha yao yeye ni wa kwanza: nyumba ya bati la bluu ni yake, na pumu ni yake. Walimkuta amesimama juu ya kitanda, ameshika nondo za dirisha, kifua kinapiga miluzi. Alikuwa amenipigia simu mara sita. Saa hiyo mimi nilikuwa nasoma kwa sauti kumbukumbu za kikao kilichopita, tuzithibitishe.

Nilipofika nilimkuta nyuma ya duka la fundi cherehani, kwenye benchi, miguu imefunikwa Kiambatisho D, lile lenye tope. Naungama kwa maandishi kwamba nilipiga magoti sakafuni nikalia kama mtoto. Furaha ile haikuwa na kibali, na naomba isiingizwe kwenye jalada langu.

Juzi nilimpelekea fomu ya kukiri kwamba hakuokolewa. Wale arobaini wengine wamesema hawatii sahihi mpaka yeye atie. Aliisoma yote mpaka nukta ya mwisho, maana mama husoma vizuri kuliko wajumbe wangu wengi, akanirudishia. Akasema, "Baba, hii ungenifunika nayo Jumanne ingenisaidia. Sasa sogea, unanizibia mwanga." Nimeandika kwenye nafasi ya sahihi: mhusika bado anatafakari.

Ndugu Msajili, mimi si mtu mwenye roho mbaya. Shemeji ndiye aliyempokea mtoto wangu wa kwanza kwa mikono yake. Lakini tukiwaachia watu wajitolee ovyo namna hii, kesho kila mwenye mikono ataona anaweza kumwinua aliyeanguka, na kamati itabaki na kazi gani? Tia sahihi amri hiyo kabla mvua nyingine haijanyesha. Machela nimeirudisha kabatini, nimeipiga lakiri upya, na ufunguo wa kabati nauning'iniza shingoni mwangu hata nikioga. Mpaka kifungu cha kwanza kipite, hakuna atakayetolewa majini kwa njia ya mkato.

Nisalimie karani wako wa mihuri, dereva wako na kikohozi chake, yule mama wa masjala aliyelipoteza jalada letu miaka miwili kisha akalikuta amelikalia, wazee wa nyumbani kwako, na watoto wote. Huku hatujambo. Mama naye hajambo kidogo, ila amekataa nikupe salamu zake.

Ni mimi, mtumishi wa sheria ambayo bado iko tumboni,

Katibu wa Kamati.

Nyongeza: Amri niliyosema nimeiambatisha haimo kwenye bahasha, usiitafute. Mchana huu nilipokuwa naigundisha bahasha mvua ilianza tena, na shemeji akaja kusimama mlangoni. Hakunigombeza, alinyoosha mkono tu. Nikamweleza habari ya lakiri. Akazidi kunyoosha. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, na sijui ulifikaje mkononi mwake. Walikuwa watatu, yeye, yule mpangaji na tarishi wetu, na machela ina mipini minne.

Ile amri sasa ina orodha mpya nyuma yake. Mwandiko ni wangu, nao unakimbia vilevile. Wa kwanza alikuwa Mzee Kiuno. Ameteleza sebuleni kwake akavunjika nyonga, na maji hayakuwa yamemfika hata kifundo. Alikuwa anatetemeka sana. Hatukumpima, tulimbeba, na chai nimemnywesha mwenyewe.

Jedwali la tatu linataja uzito wa machela ikiwa tupu. Naomba lirekebishwe, kwa sababu ikiwa na mtu ni nzito mno, hasa mpini wa nyuma wa kushoto, ambao ndio wangu. Wa mbele kulia anao tarishi, na umri ule si wa kubeba watu. Bado kuna milango kumi na tisa. Barua hii anakuletea yule mwenye nyumba, anachechemea, kwa hiyo usimweke kwenye benchi la kusubiri. Ofisi yako haiko mbali na wewe una mabega mapana. Lile neno ulilotaka tuliondoe kwenye kifungu cha pili naliomba tena: njoo upesi.