Hezekiah Kimeli na Biskuti Kumi na Moja Zisizo na Sukari

Tulieni basi, enyi wenye vikombe mkononi, nanyi mliosimama mlangoni ingieni mkae, maana habari hii haisimuliwi kwa watu wa kupita. Wako waliopewa kusimulia vita vya majemadari na safari za wafalme, nao wasikilizaji wao hawakukosa; mimi nimeangukiwa na fungu la Hezekiah Kimeli wa Kiamunyi, mshinda-matope, mchukua-maziwa, dereva asiyepata kumwaga hata debe moja baina ya Molo na Nakuru kwa miaka ishirini na saba, ambaye siku moja ya Jumamosi, tangu saa nne asubuhi hata saa kumi na dakika arobaini jioni, aliingia jikoni mwa nyumba yake mwenyewe akiwa na nia, akatoka humo akiwa na biskuti. Anayetaka kucheka na acheke sasa amalize.

Kila vita vina chanzo, na chanzo cha hivi kilikuwa karatasi ya kliniki. Wiki sita kabla ya siku hiyo, Cheptoo, mkewe Hezekiah, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya na neno la mwisho katika boma, aliambiwa kwamba sukari ya damu yake imevuka mpaka, na kwamba tangu siku hiyo mandazi, chapati, mkate mweupe na kijiko cha sukari ni maadui zake. Aliipokea habari hiyo bila chozi. Alifunga mkebe wa sukari, akaupandisha kwenye rafu ya mumewe, akaendelea na kazi zake.

Lakini nyumba ile ilikuwa na saa moja iliyo takatifu kuliko zote, nayo ni saa kumi ya jioni. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila siku ambayo Hezekiah hakuwa barabarani, wawili hao waliketi barazani, viti viwili vikiutazama mlima Menengai, flaski katikati na sahani ya mandazi kando yake, wakazungumza habari za ng'ombe, za watoto, za nani ameoa na nani amekataliwa. Tangu karatasi ile, Cheptoo alimchemshia mumewe chai yake kwenye sufuria moja na yake mwenyewe kwenye nyingine, akaimalizia yake hukohuko jikoni, wima, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuangalia sukuma wiki ambayo haikuwa na shida yoyote. Hezekiah alipoacha mandazi ili kumfariji, hakuja. Alipomwita, alikuja hadi mlangoni tu, akamwambia maneno ambayo mzee wa watu aliyabeba moyoni siku nyingi.

"Chai bila kitu ya kuuma ni dawa, Baba Linah. Na dawa mtu hukunywa akisimama, anamaliza, anaenda."

Basi Hezekiah akawa anakunywa chai na kiti kitupu. Alimkosa mke wake, naye yuko hatua kumi na mbili tu kutoka pale alipoketi, na huzuni ya namna hiyo hana mtu wa kumwambia, kwa kuwa ukiisema kwa sauti wanaume wenzako watauliza kama mke ameondoka, nawe utajibu kwamba yuko jikoni.

Ndipo shujaa akaitisha baraza la vita, yaani alimpigia simu bintiye Linah, mwalimu huko Gilgil, akataka kujua kama duniani kuna biskuti ambayo mtu wa sukari anaweza kula bila kuogopa kile kimashine cha kupima damu. Linah akasema iko, haina sukari, haina ngano, inatengenezwa kwa unga wa njugu, naye atamtumia mama maelezo. Hezekiah akasema asimtumie mama. Linah akauliza ni nani basi atakayepika.

Hapo Hezekiah, ambaye pia ni mzee wa kanisa na hajui kusema jambo kwa ufupi, alisimama kwa miguu yake miwili ingawa hakuna aliyemwona, akahutubia. "Linah, mimi nimepita Mau Summit na mvua ya April, wiper imekufa, maziwa lita elfu tano nyuma yangu, na nikafika. Nimelala Molo kwa cabin ya lori na baridi ile unaijua. Sasa vikombe mbili ya unga na yai moja itanishinda namna gani? Tuma hiyo recipe."

"Sawa, Daddy," Linah akasema. "Lakini promise hutaongeza kitu. Hata asali. Hata ndizi. Ukiongeza, umeharibu yote."

Akaapa. Na ijulikane mapema kwamba ndani ya zile biskuti kiapo hicho hakikuvunjwa.

Jumamosi ikafika, Cheptoo akaenda mazoezi ya kwaya, na lango lilipofungwa nyuma yake shujaa akatoka na kilo mbili za njugu karanga, zilizokaangwa na kumenywa tangu jana yake kwa siri, akashika njia ya kinu cha Mwaura, bwana wa mashine ya kusaga, mtu aliyevaa weupe wa unga tangu nyusi hata viatu. Hapo palikuwa na foleni ya akina mama na mahindi yao. Hezekiah alisubiri zamu yake kwa adabu, akamwaga njugu mezani kwa fahari, na Mwaura akazitazama kama askari anayetazama leseni iliyoisha. Alimweleza, kwa heshima lakini bila kulegea, kwamba njugu ni mafuta matupu, kwamba zitaganda ndani ya mashine, na kwamba mashine ikikwama hawa wamama watamla yeye badala ya ugali. Wamama wakaafiki. Mmoja akauliza mzee anataka kutengeneza nini na unga wa njugu, na Hezekiah, ambaye hajapata kusema uongo mbele ya wanawake saba kwa mpigo, akajibu kwamba ni dawa. Wakamwonea huruma, wakamshauri atwange nyumbani, polepole, asije akaifanya siagi.

Kulikuwa na kinu katika boma lile, kinu cha mti, ambacho kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Hezekiah alikitoa katika kifungo hicho, akakiosha kwa maji ya moto mara tatu, akavua koti, akavua sweta, akapiga ishara ya kumshukuru Mungu, akashambulia. Aliposhambulia kwa hasira, kikombe cha kwanza kikageuka uji unaong'ang'ania mchi. Akarudi nyuma, akapanga upya jeshi lake, akatwanga kwa subira, kidogo kidogo, akichekecha kila baada ya muda kwa chekecheo la chai kwa sababu hakujua lile la unga linawekwa wapi. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Mabega yaliyozoea usukani wa lori yaliomba msamaha wala hayakusikilizwa. Ilipotimia saa saba na nusu, vikombe viwili vya unga vilikuwa mezani, na jasho lake lote, namshukuru Mungu, lilikuwa sakafuni.

Akavunja yai. Akaondoa maganda ya yai. Akatia siagi, mdalasini, chumvi kiasi cha ncha ya kidole na baking powder nusu kijiko, akakanda. Lakini unga usio na ngano hauna utiifu. Hukubali kushikana ukiutazama, ukigeuka unaachana. Alipofinyanga duara likamomonyoka, alipofinyanga tena likapasuka pembeni, hata akajifunza kuyabana madonge baina ya viganja viwili na kuyalaza taratibu, vile mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Yakapatikana ishirini na manne.

Oveni haikuwapo. Palikuwa na jiko la makaa, sufuria kubwa yenye mchanga chini, na sahani ya bati ndani yake. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko, namna Cheptoo anavyooka keki ya Krismasi. Kikosi cha kwanza cha biskuti kumi na mbili kikaingia humo kwa matumaini makubwa na moto mkubwa zaidi, kwa kuwa Hezekiah aliamini kwamba moto mwingi hufupisha kazi. Baada ya dakika kumi moshi ukatoka wenyewe kutoa taarifa. Wote kumi na wawili waliteketea, na alipowatupa nje, kuku waliwazunguka, wakawadonoa mara moja, wakaenda zao.

Hezekiah akaketi juu ya debe. Ilikuwa saa nane na nusu, na unga umebaki wa kikosi kimoja. Nitasema kweli, alifikiri kuacha. Kisha akakitazama kile kiti cha barazani kupitia dirishani, akainuka.

Safari hii aliendesha moto kama alivyoendesha maziwa: bila pupa, gia ndogo, jicho kwenye saa. Alipunguza kaa moja, akaongeza kaa moja, akafunua, akafunika, akaungua kidole akakifunga kitambaa, wala hakuondoka pale hata simu ilipolia. Saa tisa na dakika ishirini alifunua mara ya mwisho. Biskuti kumi na moja zilitoka nzima, za rangi ya udongo wa Rongai, chini zimeungua kidogo. Ya kumi na mbili ilivunjika, naye akaila kwa niaba ya wote. Ilikuwa na ladha ya njugu na mdalasini. Tamu haikuwa, wala hakujidanganya, ila ilikuwa kitu cha kuuma.

Akatandika kitambaa barazani, akapanga sahani, akachemsha chai, kazi ambayo mkono wake uliijua tangu utotoni na haukuhitaji mawaidha, akaijaza flaski. Saa kumi kasoro dakika mbili lango likalia.

Cheptoo aliona kwanza masizi kwenye paji la uso wa mumewe, kisha kidole kilichofungwa kitambaa, kisha meza. Hezekiah alikuwa ameandaa hotuba yenye sehemu tatu. Aliisema sehemu ya kwanza, inayohusu utukufu wa ndoa, akasahau zilizobaki, akasema tu kwamba hizi hazina sukari, ni njugu alizotwanga tangu asubuhi, Linah ni shahidi, akae ajaribu. Cheptoo akakaa, ukingoni mwa kiti, mkoba ungali mapajani, jinsi mtu anavyokaa benki akingoja kuitwa. Akamiminiwa chai. Kwa kuwa biskuti ilikuwa ngumu, aliichovya ikalowa vizuri, akaila, akafumba macho.

"Hii ni tamu," akasema. "Baba Linah, umetoa wapi utamu kama hii, na umesema hakuna sukari?"

Enyi wasikilizaji, kwa muda wa pumzi moja hapakuwa na mwanamume mkubwa kuliko Hezekiah Kimeli tangu Rongai hata Bahati. Kifua chake kilijaa. Akainua kikombe chake ili anywe kwa ushindi, akanywa, akakiweka chini upesi.

Maana katika nyumba zetu chai haitiliwi sukari mezani. Maji, maziwa, majani na sukari huingia sufuria moja na kuchemka pamoja hadi povu lipande, ndivyo mama yake alivyomfundisha na ndivyo alivyopika kando ya lori miaka yote. Na mkono huo mwaminifu, uliotwanga na kuchekecha na kuapa, ulikuwa umepanda rafuni wenyewe na kutia vijiko vinne. Biskuti haikuwa tamu hata kidogo. Ilikuwa imelewa chai.

Naye Cheptoo alikuwa ameketi. Baada ya wiki sita alikuwa ameketi, anatabasamu, anachovya tena. Angenyamaza nani angejua? Ni kikombe kimoja tu. Majemadari wameficha makubwa kuliko hayo wakajengewa sanamu. Hezekiah aliyafikiri yote hayo, na yalimuuma, kisha akanyoosha mkono akakifunika kikombe cha mkewe kwa kiganja, mvuke ukamchoma.

"Usinywe, Mama Linah. Nimeweka sukari kwa chai. Si biskuti ni tamu, ni chai. Sikufikiria, mkono ilienda tu. Nisamehe."

Akangoja ainuke na kwenda kwa sukuma yake. Cheptoo alimtazama usoni, akatazama masizi, akatazama kidole.

"Kutoka asubuhi unatwanga njugu usiniwekee sukari," akasema polepole, "halafu unaniwekea sukari."

Akacheka. Alianza kwa pua, ikaja kifua, ikaja sauti yote ya kwanza ya kwaya, hata mkoba ukaanguka chini na hakuuokota. Hezekiah alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu karatasi ya kliniki, na machozi yalimtoka, ambayo baadaye aliyasingizia moshi.

Akamwaga flaski nzima penye ua. Akachemsha upya: maji, maziwa, majani, basi, na muda wote sufuria ikiwa motoni alisimama mikono nyuma, amejishika mwenyewe kama mshukiwa. Aliporudi, Cheptoo alikuwa palepale, ameegemea kiti. Akachovya biskuti katika chai isiyo na kitu, akatafuna kwa muda mrefu, na shujaa akasimama mbele yake akingoja hukumu.

"Si tamu," Cheptoo akasema. "Ni ngumu. Na chini umeunguza."

"Najua."

"Keti chini, basi, chai itapoa." Akanyoosha mkono kwenye sahani, akachukua ya pili.

Na iandikwe na wanaoandika mambo makubwa, isomwe na watoto wa watoto huko Kiamunyi: kwamba Jumamosi ile, saa kumi na dakika arobaini, Cheptoo mke wa Hezekiah alikula biskuti ya pili kwa hiari yake mwenyewe, bila kusukumwa wala kuonewa huruma, akiwa ameketi, kisha akauliza kama Linah amesema chochote kuhusu likizo ya Agosti, na Hezekiah akasogeza kiti chake karibu, akaanza kumweleza.