Pasipoti Yangu Isifunguliwe

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe anatimiza miaka sabini. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anatupeleka sote kutembea na meli, siku nne baharini, gharama zake. Mungu ambariki! Nimefurahi mpaka nikavunja kioo cha saa ya mteja. Kisha shemeji kasema kila mtu ampe pasipoti, atazipeleka kwa wakala wa meli. Pasipoti ina tarehe ya kuzaliwa! Miaka kumi na tisa nimemwambia shemeji kwamba nimemzidi miaka miwili. Ukweli? Yeye ndiye kanizidi, kwa miezi minane. Kila tukionana napokea shikamoo isiyo yangu. Tamu kweli. Siiachi.

Jumanne, 4 Juni
Akili imenijia. Pasipoti nimeitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi kali ya vioo vya saa. Juu nimeandika: AFUNGUE WAKALA TU. Mke wangu kauliza kulikoni. Nimemjibu ni utaratibu mpya. Kacheka, kaenda zake. Nimelala fofofo.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Gundi imepenya. Pasipoti imegandana, ukurasa kwa ukurasa. Wakala kajaribu kuibandua kwa kisu, imechanika. Kasema nisipoleta mpya kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, jina langu linafutwa. Mama mkwe naye kasema mimi nisipopanda, na yeye hapandi. Roho imeniuma. Mama wa watu kaisubiri safari hii, namharibia kwa gundi!

Ijumaa, 7 Juni
Ofisi ya pasipoti. Shemeji kang'ang'ania kunisindikiza. Karani yuko nyuma ya kioo, kauliza nimezaliwa lini. Nikanong'ona. Hasikii. Nikaweka mdomo kwenye tundu, nikanong'ona tena. Hasikii. Mara ya tatu nikapaza sauti, siku, mwezi na mwaka, ukumbi mzima ukageuka. Shemeji yuko nyuma yangu. Nikatamani ardhi ipasuke.

Akanishika bega.

"Nilijua tangu harusi, dada aliniambia. Mimi namwamkia mume wa dada, siamkii miaka."

Kumbe! Miaka kumi na tisa najichosha bure. Nimeona aibu, na nimefurahi, vyote kwa pamoja. Nikamwamkia na mimi. Kakataa kuitikia.

Jumamosi, 15 Juni
Melini! Pasipoti mpya ilitoka juzi. Mama mkwe kanyoosha miguu kwenye kiti cha kulalia, hataki hata kuitwa kula. Shemeji kaniamkia kama kawaida. Raha iliyoje! Chakula cha mchana, bwana mmoja mpole, kichwa chote mvi, kaja kukaa mezani kwetu. Kabla hajatia neno nikamwambia nina miaka sitini na miwili. Kanitazama sana. Kisha kaniamkia, shikamoo safi, ya heshima. Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito. Mke wangu kanikanyaga mguu.

Baadaye shemeji kanieleza kwamba yule bwana ni afisa wa meli, na pasipoti zetu zote anazitunza yeye.

Si neno. Nitamwambia ofisini walikosea mwaka.