Stuli za Mstari wa Milango

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Kikao cha menejimenti na chama cha wafanyakazi kimekula saa tatu, na ajenda ilikuwa moja: stuli. Kiwanda chetu kinaunda friji, na wanaozifunga milango husimama tangu king'ora cha asubuhi hadi cha jioni. Wanataka kukaa. Meneja Utumishi, ambaye kiwanda kizima kinamwita Rula, akasema mtu akikaa hulala. Katibu wa chama, Kipaza, akamuuliza mbona yeye amekaa tangu asubuhi na bado anaongea. Nikacheka. Rula akanitazama. Nikakohoa.

Mwishowe Rula akasema "tutaliangalia". Basi. Kikao kikafungwa.

Mwandishi wa muhtasari ni mimi, karani. Kwenye korido Rula akaninong'oneza niandike kwamba ombi limewekwa kando. Ndiyo, mzee. Kwenye ngazi Kipaza akanishika bega, akasema, dogo, "tutaliangalia" ya mkubwa ni ndiyo yenye aibu, andika wamekubali. Ndiyo, kaka. Ijumaa miezi yangu sita ya majaribio inaisha. Rula atasaini barua ya kunithibitisha kazini, au hatasaini.

Nyumbani shangazi alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni. Naishi kwake. Mwaka wa kumi na moja huu anafunga milango. Akauliza habari za stuli. Nikamwambia mambo mazuri. Mambo gani? Sijui! Mdomo uliniponyoka.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Mihtasari miwili. Tarehe ileile, namba ileile, sahihi yangu chini. Wa Rula: ombi limewekwa kando. Wa Kipaza: ombi limekubaliwa. Kila upande una faili lake, kabati lake na kufuli lake. Utaratibu wetu ni pande zote kusaini nakala moja katika kikao kinachofuata, na hicho ni Juni. Juni nitakuwa mtu mwenye barua. Rula akausoma wake, akaguna kwa kuridhika. Kipaza akausoma wake, akanibusu kipaji cha uso. Miaka kumi na sita ya shule haikupotea bure.

Jumatano, 6 Machi
Kipaza hakuuweka kwenye faili. Kaubandika langoni! Ubao wa matangazo, usawa wa macho, pini nne.

Mapumziko ya chai nikanyata, nikabandika juu yake tangazo la kunawa mikono. Kosa. Tangazo hilo halijasomwa na mtu tangu lichapwe. Leo limesomwa na watu mia mbili, kila mmoja akiinua ncha kuona kinachofichwa chini. Mlinzi akaapa kwamba aliyefanya hivyo ni kibaraka wa wakubwa. Nikatikisa kichwa pamoja na wengine, kwa uchungu.

Shangazi ameshona kimto cha stuli yake, kwa kitambaa cha gauni lake la buluu. Akanitaka nikikalie nimwambie kama ni laini. Nikakikalia. Ni laini. 

Alhamisi, 7 Machi
Kimenuka. Stuli hazikuja, watu wakakaa. Juu ya maboksi, makreti, ndoo zilizopinduliwa. Wanasema wanatekeleza makubaliano. Shangazi katikati yao, juu ya kimto, mikono mapajani. Friji ishirini zikapita mbele yao bila milango, zikaenda hadi mwisho wa mstari vinywa wazi. Kisha mashine zikazimwa.

Tukaitwa. Rula akaweka muhtasari wake mezani. Kipaza akaweka wake. Rula akasema chama kimeghushi. Kipaza akasema menejimenti ndiyo mabingwa wa hiyo kazi. Mimi hakuna aliyenishuku. Rula akasema kijana huyu anaogopa hata mashine ya kutoboa karatasi, na Kipaza akakubali papo hapo. Sijawahi kutukanwa kwa faida namna hii.

Ndipo Rula akaniuliza wa kweli ni upi. Kama ni wake, waliokaa wote wanapewa barua za onyo, wa kwanza yule mama mwenye kimto.  Nikapiga moyo konde. Nikafungua mdomo kuungama.

Nikasema yote miwili si yangu, hata sahihi. Wangu umepotea.

Hakuna aliyethubutu kusema nilimpa wake kwa mkono wangu; angeulizwa alichoninong'oneza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, pande zote mbili zikakubaliana: mimi ni bure kabisa. Hakuna muhtasari, hakuna makubaliano, hakuna aliyekosa. Malori ya mteja yalikuwa yanapiga honi langoni. Saa kumi wakaafikiana: stuli moja kwa watu wawili, nusu zamu kila mmoja. Barua za onyo, hakuna. Muhtasari akaandika katibu muhtasi wa Rula. Mimi niliambiwa nishike kalamu tu, nisiifungue.

Ijumaa, 8 Machi
Barua imekuja. Majaribio yameongezwa miezi mitatu, kwa uzembe wa kutunza nyaraka. Sikubishana.

Shangazi hakunitazama. Akauliza kama Jumatatu ile nilishindwa kumwambia tu hapana. Akasema miguu yake imezoea hapana; haijazoea kudanganywa na mtoto wa kaka yake.  Nikamwongezea maji ya moto kwenye beseni. Nimeapa: sitaitikia ndiyo kwa watu wawili tena maishani.

Jumamosi, 9 Machi
Rula kanipa kazi ya kupanga nani akae kabla ya chakula cha mchana na nani baada. Wote wanataka baada, miguu ndipo inapowaka. Shangazi nikamwahidi baada. Angalau hilo. Akatabasamu kidogo.

Anayegawana naye stuli ni Mama Skrubu. Akanibana kantini, akanipigia hesabu ya kila pingili ya mgongo wake, mwanangu hapa, mwanangu na hapa. Ndiyo, mama. Baada ya chakula, mama.

Nimechapa orodha mbili. Moja nitabandika mlango wa mashariki, anakoingilia shangazi. Nyingine mlango wa magharibi, anakoingilia Mama Skrubu. Hawakutani kabisa hawa, mpaka wafike kwenye stuli.