Usukani Wangu Umekwenda kwa Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

Leo saa nne asubuhi nimepoteza usukani. Wa gari langu mwenyewe! Gari-nyumba, vitanda vinne, jiko, choo ndani, nimelinunua kwa jasho langu mimi niliyeanza na toroli moja na sasa nina duka la vifaa vya ujenzi lenye milango mitatu. Likizo ya ziwani imekwisha, milima yote iko mbele yetu, na mimi ni abiria.

Ilivyokuwa: kona kali, lori linashuka, ikabidi nirudi nyuma lipite. Mama watoto akateremka kuniongoza. Njoo, njoo, njoo. Nikaja. Ghafla akapiga kelele: "Basi! Basi!" Mtu mwenye akili timamu, yuko mlimani, anasikia basi, anafanya nini? Nikajua linakuja basi. Nikakanyaga mafuta nilipishe na lenyewe. Kumbe alimaanisha inatosha! Hakukuwa na basi. Kulikuwa na jiwe.

Akachukua ufunguo, akampa mdogo wake. Shemeji ni dereva wa gari la shule, mtu wa kukagua kila kitu mara mbili. Akanipa pole huku anasogeza kiti mbele. Kiti changu!

Na si suala la kiti tu. Jirani, yule mwenye duka la rangi mkabala na langu, aliapa kabla ya safari mbele ya wafanyakazi wangu kwamba nitarudi nimevutwa kwa kamba. Nikamjibu kwamba ataniona naingia mtaani naendesha mwenyewe. Ijumaa tunafika. Lazima niupate usukani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetumia hesabu. Wakati wa chai nikawaeleza: mlima unataka uzito mbele, upande wa dereva, injini ipate kushika. Shemeji ana kilo sitini na mbili. Mimi mia moja na nne. Anayefaa ni nani? Wakatazamana. Nikaona wameanza kuelewa. Ili nikamilishe hesabu nikamuuliza mama mkwe, tunayesafiri naye, kwa adabu zote, yeye ana kilo ngapi.

Sijui kosa liko wapi. Ni namba tu! Mama watoto akaniuliza kama nina homa. Mama mkwe akasema haya mwanangu, kama uzito ndio unaotakiwa mbele, hata wake upo. Akahamia pale nilipokuwa nimekaa, pembeni ya dereva, na mto wake. Mimi nimepelekwa kwenye benchi linalotazama nyuma. Naona tulikotoka tu. Kilomita mia moja na kumi za tulikotoka.

Jumatano, 6 Agosti

Mbinu mpya. Ukimwambia mtu mara nyingi kwamba anaumwa, ataumwa. Nimeanza asubuhi na mapema. Shemeji, mbona macho mekundu? Shemeji, hewa ya huku nyepesi, huisikii? Akasema yuko mzima kama chuma. Nikamweleza dalili kwa mpangilio: kichwa kinaelea, masikio yanaziba, tumbo linapanda. Nimezieleza vizuri mno. Kufika kona ya tatu nilikuwa natapika dirishani.

Sielewi kabisa. Mgonjwa alitakiwa awe yeye! Mama mkwe amenifunga kitambaa kichwani na kushukuru Mungu kwamba siendeshi. Shemeji kila kona anapunguza mwendo na kuuliza: "Bosi, uko hai?" Kisha mabega yake yanatikisika. Wanasema mandhari ilikuwa nzuri sana. Mimi nimeona ndoo.

Alhamisi, 7 Agosti

Shemeji akilala huacha ufunguo mezani. Nimeamka kabla yao nikauficha kwenye birika. Mpango: watafute, wahangaike, mimi niutoe, niwashe mwenyewe. Aliyeupata ndiye anayeendesha, hiyo ni haki. Nikaenda kunawa kijitoni, niwape muda wa kuhangaika vizuri.

Niliporudi mama mkwe alikuwa ameshachemsha chai.

Ufunguo wenye rimoti ndani ya maji yanayotokota! Umekufa. Mama mkwe akasema chai ina ladha ya sarafu, lakini akamaliza kikombe. Nasi tuko kileleni, hakuna nyumba, hakuna fundi. Nimeshaanza kupiga hesabu ya kusukuma, kilo kwa kila mtu, mama watoto akaingiza mkono kwenye pochi akatoa ufunguo wa akiba. Anao tangu siku tuliyonunua gari! Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuniambia.

"Baba watoto," akasema, "nakujua."

Maana yake nini? Nimefikiria mteremko mzima. Sijapata.

Ijumaa, 8 Agosti

Kituo cha mwisho cha mafuta, kilomita nane kabla ya nyumbani. Mpango rahisi kuliko yote: najificha kwenye choo cha ndani ya gari, wenzangu wakiteremka kunyoosha miguu nachomoka narukia usukani. Nimesikia milango. Nimesikia kimya. Nikasukuma mlango wa choo. Haufunguki!

Kumbe una komeo la nje, usije ukabamiza njiani, na shemeji hulikagua na kulifunga kila kabla ya kuteremka. Mtu wa kukagua! Nikapiga ngumi. Nikamsikia mama mkwe anawaambia waniache, nimenuna. Injini ikawaka.

Tumeingia mtaani shemeji akiendesha, mama mkwe anapunga mkono kama mgeni rasmi. Jirani akapaza sauti kuuliza kama nimesahauliwa milimani. Nikapaza yangu kwamba nipo. Akauliza niko wapi.

Lakini nimekaa nikafikiri. Mpango ulikuwa sawa, komeo ndilo lililoharibu. Tena jirani kanisikia tu, hajaniona, na wafanyakazi wangu watatu kati ya watano walikuwa stoo. Hilo halihesabiki kama kuingia. Mama watoto kajifungia chumbani, anasema amechoka, kwa hiyo nimemwambia kupitia mlangoni: kesho saa moja asubuhi gari litoke mtaani kimyakimya, kisha liingie upya saa mbili, jirani akifungua duka, mimi nimeshika usukani. Shemeji anaweza kulala nyuma. Sitaki kuambiwa tutaona, sitaki kuambiwa nioge kwanza.

Ndiyo au hapana, mama watoto? Nijibu kabla ya saa tatu usiku huu.